Risiti ya Watoto wa Ndolo

Ukiingia katika duka la vitambaa la Mwanamisi pale Nunguni, utaona msumari mmoja ukutani, upande wa kushoto wa mlango, juu kidogo ya cherehani. Kwa miaka mingi msumari huo ulibeba utepe wa kupimia nguo wa marehemu fundi Ndolo, mwenye jengo. Leo unabeba karatasi iliyotiwa katika fremu ya kioo. Wageni hudhani kuwa ni cheti cha shule. Ni risiti ya kodi ya ploti. Ili kueleza jinsi risiti ilivyofikia heshima ya kutiwa katika fremu, sharti nieleze habari za Kalekye, binti wa huyo Ndolo, ambaye kwa miaka kumi na miwili amekuwa karani wa mapato katika soko letu.

Nilimfundisha hesabu alipokuwa darasa la sita. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho, lakini alikuwa na tabia moja ambayo sikuiona kwa wengine. Wenzake walipopata jibu walifunga daftari na kutazama dirishani. Yeye alirudi juu ya ukurasa na kulisoma swali upya, kuona kama ndilo hasa alilokuwa amelijibu. Mara nyingi alichelewa kutoka kwa ajili hiyo. Tabia hiyo hakuiacha shuleni.

Kalekye hakuolewa. Anaishi na mama yake, Kanini, katika nyumba ya wazazi chini kidogo ya soko, na kila asubuhi hupanda kilima akiwa na mfuko wa kitambaa wenye daftari, kalamu mbili na chupa ya chai. Kazi yake haina marafiki wengi. Kasyoki, muuza nyama mwenye sauti kubwa kuliko bucha lake, alikuwa na mazoea ya kuwatangazia wateja kila alipomwona akikaribia.

"Fungeni mifuko, mke wa serikali amefika."

"Mume wangu anakusalimu, Kasyoki," Kalekye humjibu bila kusimama. "Anauliza leseni ya mwaka huu umeitundika wapi."

Watu hucheka, Kasyoki hucheka zaidi yao, na siku huendelea.

Lakini mwaka jana, mwezi wa tano, mzaha ulipungua. Soko letu lina ploti sitini na nne zinazopaswa kulipiwa kodi kila mwaka. Zilizokuwa zimelipiwa zilikuwa kumi na moja. Nyingine hamsini na tatu zilikuwa na deni la miaka, baadhi deni la miaka tisa au kumi. Amri ikatoka juu: ifikapo tarehe thelathini ya mwezi wa sita, kila jengo lenye deni litatiwa kufuli, na litakaa na kufuli hiyo hadi deni liishe.

Katika orodha ya hamsini na tatu ilikuwamo ploti nambari ishirini na saba, ya marehemu Ndolo.

Hapo ndipo ulipokuwa mzigo wa Kalekye, na aliubeba bila kusema. Mwanamisi, mama mpole ambaye wazazi wake walitoka pwani na kuhamia Kitui kabla yeye hajazaliwa, alikuwa amekodi jengo hilo tangu fundi Ndolo afariki. Kodi ya pango ndiyo iliyomnunulia Kanini dawa za presha, sukari na mafuta ya taa. Mlango ukifungwa, Mwanamisi angehama, na mama angebaki na mshahara wa binti mmoja. Tena, ni binti huyo huyo ambaye angeandamana na askari wa mapato kuonyesha ni mlango upi wa kutia kufuli.

Msomaji atauliza mbona hakulipa tu. Swali hilo ni zuri, na nitalirudia mahali pake.

Kabla ya kufuli, ofisi iliamua kujaribu njia ya upole. Makarani waliitwa kwenye semina ya siku mbili, na mtaalamu kijana, mwenye adabu na michoro mizuri, akawafundisha kwamba mtu halipi kodi kwa kuogopa adhabu peke yake. Hutazama pia wenzake wanafanya nini. Akijua kwamba wengi wamelipa, naye huona haya kubaki nyuma. Kalekye aliandika kila neno, kwa sababu aliona kuwa ni kweli. Kwetu, kikundi cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kinapokwenda kuchimba matuta katika shamba la jirani, kila mtu hupimiwa sehemu yake kwa fimbo, na hakuna anayeweza kuacha sehemu yake bila kuchimbwa huku wenzake wa kulia na kushoto wakichimba.

Basi barua zikachapishwa na kuletwa. Zilisema hivi: "Watu saba kati ya kila kumi katika eneo lako wamelipa kodi ya ploti. Je, wewe?" Kalekye akazigawa zote hamsini na tatu kwa mikono yake, kwa siku moja.

Siku ya pili alikuta watu wamesimama mbele ya bucha. Kasyoki alikuwa ameishika barua yake kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika utumbo.

"Njoo, mke wa serikali. Tusaidie hesabu. Hii inasema saba kwa kumi wamelipa."

"Ndivyo inavyosema."

"Tumeanza kule juu kwa kinyozi tukashuka mpaka hapa, mlango kwa mlango. Tumepata kumi na moja kwa sitini na nne. Sasa hao saba wanaishi wapi? Emali?"

Watu wakacheka. Kalekye alijua kilichotokea: hesabu hiyo ilikuwa ya eneo zima, pamoja na Emali na miji mingine mikubwa iliyo kando ya barabara ya Mombasa. Huenda ilikuwa sahihi kwa aliyeiandika. Kwa Nunguni haikuwa kweli, na Nunguni kila mtu anajua jirani yake amelipa au hajalipa, kama anavyojua ng'ombe wake amezaa. Barua ilikuwa imewahakikishia watu jambo moja tu, kwamba wasiolipa ndio wengi.

"Umesema kweli," akajibu. "Hesabu hii si ya hapa."

Kasyoki hakutarajia kukubaliwa. Akaishusha barua, na alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ya kuchekesha watu.

"Na wewe, Kalekye. Ishirini na saba ni ya baba yako. Umelipa?"

Kalekye aliaga kwa adabu, akaenda ofisini, akafunga daftari bila kuandika kitu.

Sasa nirudi kwenye lile swali la msomaji. Miaka mitatu kabla ya hapo, Kalekye alikuwa amelipa. Alichukua akiba yake, akalipia ploti ya baba mwaka mmoja, na risiti ikatoka kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa. Hakumwambia mtu. Alidhani anawapunguzia ndugu zake mzigo. Ndugu zake ni wawili: Nzau, kifungua mimba, mwenye duka la vipuri vya malori kule Emali, na Kyule, kitinda mimba, fundi wa umeme mjini Kitui. Habari za risiti zilimfikia Nzau katika mazishi ya jirani, kutoka kwa mtu wa ukoo aliyemnong'oneza, "Dada yako ameanza kuilipia ploti kwa jina lake. Utashtuka siku moja ukiambiwa si yenu." Nzau hakuuliza. Hakuja Krismasi ile, wala zilizofuata. Alikuwa akimtumia mama pesa kwa simu, na salamu za Kalekye hakuzijibu. Tangu hapo Kalekye hakuthubutu kulipa tena.

Usiku baada ya maneno ya Kasyoki haukumpa Kalekye jibu, ila asubuhi ilimpa swali. Alilisoma lile la zamani upya, kama alivyozoea. Ofisi ilikuwa imeuliza, "Kwa nini watu hawa hawataki kulipa?" Yeye mwenyewe alitaka kulipa, alikuwa na pesa za kuanzia, na hakulipa. Je, wengine?

Akatoka na daftari, akaanza tena kwa kinyozi. Safari hii hakumdai mtu yeyote. Katika kila mlango aliuliza jambo moja: "Ukilipa leo, risiti itatoka kwa jina la nani, na ni nani atakayekasirika?"

Kasyoki ndiye aliyejibu haraka kuliko wote. Alifuta kisu chake polepole.

"Tuko sita," akasema. "Mama wawili. Nikilipa mimi, wale wa mama mdogo watasema nimeuza. Wakilipa wao, mimi nitasema wameuza. Kwa hivyo tumeketi. Baba yetu amekufa miaka kumi na nne sasa na bado anaandikiwa barua."

Kazi hiyo ilichukua siku nane. Alipomaliza, daftari lilikuwa na hesabu safi. Wenye ploti tatu hawakupatikana. Wanne walisema hawatalipa hadi choo cha soko kitengenezwe, na Kalekye akaandika kwamba wana haki ya kusikizwa. Tisa hawakuwa na pesa. Thelathini na saba zilizobaki zilikuwa ploti za watu waliokufa, na hakuna mtoto aliyethubutu kulipa peke yake. Haukuwa uchoyo. Kila mmoja alikuwa akilinda amani ya nyumba yake kwa kutolipa.

Akaenda kwa mkuu wake, Bwana Kisilu, mtu mwangalifu anayekaribia kustaafu, ambaye hapendi jambo lisilo na fomu. Alimweleza kwa utaratibu. Kisha akatoa daftari jingine, kuukuu, lenye jalada la kijani: daftari la michango ya mazishi ya baba yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa "Jamii ya marehemu Ndolo", na chini yake majina ya watoto kwa kufuatana kwa kuzaliwa. Kila familia ya huku ina daftari kama hilo ndani ya sanduku, na hakuna anayeligombania, kwa sababu hakuna jina lililoachwa.

"Risiti iandikwe hivi," Kalekye akasema. "Jamii ya marehemu fulani, kisha watoto wote. Na mstari mmoja: malipo haya hayampi yeyote haki ya kuimiliki ploti peke yake."

"Hata sasa hayampi," Bwana Kisilu akasema. "Sheria iko hivyo."

"Wewe unajua, bosi. Risiti haisemi."

Mkuu wake alivua miwani, akaivaa tena. "Kompyuta inataka jina moja la mlipaji."

"Kuna nafasi ya maelezo hapa chini. Inachukua herufi mia mbili. Nimezijaribu."

"Umezijaribu?"

"Watoto saba wa marehemu mmoja wameingia wote. Wa nane tulimwondolea jina la ubatizo. Amekubali."

Bwana Kisilu alitazama kalenda iliyokuwa ukutani. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili. "Kufuli siwezi kuziahirisha," akasema. "Barua naweza kuitia sahihi. Na ploti ya baba yako hutaigusa wewe. Utapanga foleni kama watu, nitakuhudumia mimi."

"Ndivyo nilivyotaka kukuomba," Kalekye akamjibu.

Barua ya pili aliiandika mwenyewe, na ilikuwa fupi. Haikutaja watu saba kati ya kumi. Ilisema kwamba ofisi inajua ploti nyingi za Nunguni ni za wazazi waliotangulia. Kwamba jamii inaweza kulipa pamoja, kila mtoto kwa uwezo wake. Kwamba kila jina litaandikwa, na kila mtoto atapewa nakala. Orodha ya watoto ofisi haitaitunga. Italetwa na jamii yenyewe, ikiwa na sahihi. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa. Badala ya kuacha barua moja mlangoni, alituma nakala kwa kila mtoto, popote alipo. Nyingine zilikwenda Mbooni kwa bodaboda, nyingine Kitui, nyingine Mombasa. Ile ya Emali aliikabidhi kwa dereva wa lori la parachichi.

Siku ya nne simu yake ililia. Alipoona jina, alitoka nje, akasimama penye baridi ya ukungu.

"Nzau, ni mimi."

"Najua ni wewe, mimi ndiye nimepiga. Mama ni mzima?"

"Ni mzima. Umepata barua?"

"Nimeisoma mara tatu. Natafuta mahali umeficha ndoana."

"Umeiona?"

"Bado." Nyuma yake lori lilikuwa likirudi kinyumenyume. "Mwaka ule ulilipa kimya kimya. Risiti ya baba nikaelezwa na watu, tena mazishini, sahani ya wali mkononi."

"Nilikosea. Nilidhani nakupunguzia mzigo."

"Mzigo wa baba hupunguzi mtu bila kumwambia, Kalekye. Mimi ndiye mkubwa."

"Nimekosa, kaka."

Alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, yote ya kweli. Aliniambia baadaye kwamba aliyaacha yote kwa makusudi, kwa sababu hakuna hata moja lililojibu swali lenyewe.

"Jina la kwanza ni la nani?" Nzau akauliza.

"Ni lako. Kisha langu, kisha Kyule. Kama kwenye daftari la kijani."

"Kyule ameweka ngapi?"

"Theluthi, kama mimi. Ametuma jana saa nne."

"Kyule ametuma kabla yangu?"

"Jana saa nne asubuhi."

"Huyu mtoto," Nzau akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu Kalekye akamsikia akicheka. "Usipokee yangu kwa simu. Nakuja mwenyewe."

Alikuja siku ya soko, tarehe ishirini na saba, amevaa koti la mazishi na harusi. Kyule alikuwa amefika kutoka Kitui na gari la kwanza. Mama Kanini walimpandisha kilima polepole, mmoja kila upande. Foleni ilifika nje ya ofisi. Kalekye alitoka nyuma ya meza yake, akaenda kusimama mwisho wa foleni hiyo, na watu waliokuwa mbele walipomtaka apite, alikataa.

"Leo mimi si karani," akasema. "Leo ni mtoto wa Ndolo."

Zamu yao ilipofika, Bwana Kisilu aliipokea orodha, akahakiki sahihi tatu, akahesabu, akaandika. Mashine ikatoa karatasi. Nzau aliichukua, akaisoma kwa kidole kama anavyosoma nambari za vipuri, kisha akaiinua kwenye mwanga.

"Soma kwa sauti," mama akasema. "Mimi macho sina."

"Jamii ya marehemu Ndolo. Ploti nambari ishirini na saba. Nzau, Kalekye, Kyule. Imelipwa yote."

"Soma tena majina."

Akasoma tena. Mama aliitikia kila jina kwa kichwa, kama anayeita kuku wake na kuwaona wote wamefika. Kisha akamgeukia Bwana Kisilu.

"Baba yao angekuomba punguzo."

"Nisingempa, mama."

"Angeomba tu."

Nzau aliomba nakala tatu, akapewa. Kisha akamwambia dada yake, bila kumtazama usoni, kwamba nakala halisi isikae Emali. Ikae hapa, ilipo ploti. Mwanamisi ndiye aliyenunua fremu.

Sitaki kusema kwamba kila jambo lilinyooka. Katika zile ploti thelathini na saba, ishirini na tisa zililipiwa zote kabla ya siku ya mwisho, na familia sita ziliandikiana na ofisi mkataba wa kulipa kidogo kidogo. Mbili bado zinabishana hadi leo kuhusu mtoto gani ni mtoto, na Kalekye amekataa kuwa mwamuzi. Wale wanne wa choo walilipa baada ya kuonyeshwa kwamba barua ya malalamiko yao imepelekwa juu, na watatu kati ya wale tisa wasio na pesa walijikaza wakalipa. Tarehe thelathini askari walipokuja, walirudi na kufuli nyingi ndani ya gunia kuliko walizoacha milangoni. Familia ya Kasyoki ilikuja ikiwa na watu sita na mama mmoja aliyebaki, yule mdogo. Wakatia sahihi mbele ya watu, na kalamu ikapita kutoka kwa wale wa mama mkubwa hadi kwa wale wa mama mdogo bila mtu kuizuia.

Mwaka huu barua ilipokuja tena, Kalekye aliomba sentensi moja tu ibadilishwe. Ilisema: "Majirani wako arobaini na saba kati ya sitini na nne wa Nunguni walilipa mwaka jana." Kasyoki aliipokea, akavua aproni, akapanda hadi kwa kinyozi, akashuka mlango kwa mlango akihesabu kwa vidole huku wateja wakimsubiri. Aliporudi alimkuta Kalekye amesimama bado mbele ya bucha, na mfuko wake wa kitambaa begani.

"Arobaini na saba," akamwambia. "Hii ni ya hapa."

"Ni ya hapa," Kalekye akasema, akaandika daftarini nambari ya ploti ya Kasyoki, kuonyesha barua imepokelewa, kisha akaelekea dukani kwa Mwanamisi, ambako mlango ulikuwa wazi na mama yake alikuwa ameketi chini ya ile fremu, akichagua kitambaa.